Ajenda ya Nne

Mvua ilipiga bati la ofisi ya kijiji
hata sauti ya mwenyekiti Kikoti ikatufikia vipande vipande.
Nami, mtendaji, nikaandika kwa kalamu ya bluu:
*Kikao kimefunguliwa saa tano na robo.*
Tuliitana saa tatu. Hilo sikuliandika.

Madawati. Bomba lililokatwa na lori la mbao.
Mbolea ya ruzuku, na nani kaandikwa mara mbili.
Hayo tunayajua, huishia kwenye makofi.

Ya nne ilikuwa mstari mmoja:
*Usalama wa wanawake na watoto wa kike.*
Wanaume wa karibu na mlango wakakumbuka ng'ombe wao.

Akasimama Oresta, mchuma chai,
vidole vyeusi kwa utomvu usiojua sabuni.
Hakuzingatia itifaki.
"Mtendaji, shusha daftari la zamani.
Mwaka juzi, mwezi wa pili. Soma."

Sikuhitaji kusoma. Mwandiko ni wangu.

*Mgogoro wa kifamilia. Jino moja limetoka.
Mlalamikiwa ameonywa. Wameelewana.*

"Limetoka," akasema Oresta, "kama mgeni aliyeaga."
Kisha: "Nani alielewana na nani?
Mimi nilielewa kwamba jino la mtu mzima halioti tena.
Yeye akaelewa kwamba inawezekana.
Geuza ukurasa."

*Binti, darasa la saba, njia ya msituni.
Familia zimekaa. Mbuzi wawili.
Shauri limefungwa.*

Mvua ilikatika, au masikio yalizibuka, sijui.
Kwani mbuzi mmoja alichinjwa jioni ileile
na paja lililetwa kwangu, limeviringwa jani la mgomba,
na mke wangu aliuliza, "La nini?"
na mimi nilisema, "La kazi."

Tukaazimia. Naandika kama ilivyokuwa:

vilabu vya ulanzi vifunguliwe saa kumi, saa moja vifungwe,
hata mianzi ikiwa imejaa.
Mzee Desderi akaruka: "Ulanzi hauna saa! Unadondoka usiku na mchana!"
"Basi udondoke mbetani," akajibiwa, "si lazima uishie kwako."
Hapo tulicheka, na kicheko kilitusaidia;

njia ya msituni ifyekwe hatua kumi kila upande,
toka daraja la magogo mpaka geti la sekondari,
kila kaya mtu mmoja na panga lake,
na kampuni ya mipaina iandikiwe barua, si kuombwa, kuarifiwa;

na jambo la mwili wa mtoto
lisikae kijijini hata usiku mmoja.
Hospitali. Polisi. Mafuta ya gari yatoke mfuko wa kijiji.
Hakuna mbuzi.

Mikono ikanyooka. Wa Desderi ulikuja mwisho,
nusu nusu, kama wa mtu anayejikuna.
Nikauhesabu.

Jumamosi tulifyeka katika ukungu.
Chini ya vichaka tuliokota kiatu cha shule, cha kushoto,
kimeota kuvu la kijani.
Hakuna aliyeuliza cha nani.
Oresta alikitia kwenye kapu la chai, akaendelea kukata.

Sasa ukisimama darajani unaona sare za bluu
mpaka zinapopinda kilimani.
Sisemi tumemaliza. Nasema unaona.

Maana haikupita hata wiki ya tatu.
Usiku, mlango ukagongwa taratibu, kindugu.
Binamu yangu, kofia mkononi.
Kijana wake amefanya jambo. Binti wa watu analia.
"Wewe si mtu wa nje. Tuyamalize."
Nyuma yake, gizani, kitu kikakohoa kama mzee.

Nilivaa koti, nikaenda kumwamsha mwenye gari.

Mbuzi alilala kafungwa kwenye nguzo ya bendera, akilia.
Kijiji kizima kilimsikia.
Alfajiri, vidole vikitetemeka, labda kwa baridi,
nilifungua daftari jipya, ukurasa wa kwanza:

*Beberu mmoja, kahawia, pembe ya kulia imevunjika.
Kielelezo namba moja.*